Wakikuambia Mama Yako Mgonjwa

Mwanangu Elineema,

Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na ninavyomjua hatakuachia mapema. Kwa hiyo nimekaa hapa kibarazani, penye mwanga, nikuandikie kabla jua halijaingia nyuma ya mlima. Karatasi nimeomba kwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Mwandiko wangu unaujua, kila mstari unapanda kilima kama njia ya kwetu. Cheka tu, lakini soma mpaka mwisho.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala za kukunja nguo, wala za kusali kabla ya kulala. Hayo nimeyasema wiki nzima hata umeanza kuniitikia "ndiyo mama" kabla sijafungua mdomo. Nina jambo moja tu. Siku moja, huko hospitali Moshi, mtu wa kwetu atafika mlangoni, pengine ndugu kabisa, mtu unayempenda. Atakuambia: mama yako mgonjwa, hajiwezi, njoo upesi. Nataka ujue la kufanya siku hiyo. Lakini huwezi kunielewa kabla sijakusimulia yangu, maana ya kwangu umeyasikia nusu.

Unajua nilisoma shule ya wasichana ya misheni. Ukiniuliza kwa nini niliacha, huwa nasema "niliolewa," halafu nageukia chungu jikoni. Ni kweli niliolewa. Lakini sikuacha shule ili niolewe. Niliitwa.

Nilikuwa mdogo kuliko wewe sasa. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja wa Kichaga, mnene, mwenye sauti ya kwaya, na alikuwa amenipa darasa la watoto wadogo niwasomeshe herufi wakati yeye ana kazi nyingine. Nilikuwa nasimama mbele yao na kijiti changu, nasema "a," nao wanaitikia "a," na mwili wangu wote unasisimka. Mwalimu alikuwa ananichungulia dirishani. Siku moja aliniambia, "Wewe, mwakani sikuachii. Utakwenda kusomea ualimu." Sikulala kwa furaha. Sikujua kwamba mwanamke anaweza kulipwa kwa kitu anachokipenda. Kwetu mwanamke alikuwa analima kahawa, anaichuma, anaimenya, anaiosha, anaibeba mgongoni mpaka kwenye mizani, halafu karani anamwuliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

Basi mjomba akaja. Alitembea kutoka nyumbani mpaka shuleni na vumbi mpaka magotini. Akasimama uwanjani kofia mkononi, akasema, "Mama yako hajiwezi. Anakutaja wewe tu." Mwalimu alinifungia viazi vya njiani. Nilikimbia, Elineema. Kuna mahali njia inashuka mtoni karibu na Maji ya Chai, pale nilianguka nikachubuka goti, na kovu lake ndilo lile ulilokuwa unalichezea ukiwa mtoto, unaniuliza "nani kakuchora?" Mjomba hakukimbia. Alikuwa anakuja nyuma yangu polepole, na mimi nikamwona hana huruma. Mtu anayejua mgonjwa hayupo atakimbilia nini?

Nilisikia harufu ya pombe kabla sijaiona nyumba. Pombe ya ndizi iliyoiva, ile ya sherehe. Kisha nikaona kondoo amefungwa kwenye mgomba. Kisha nikamwona mama yangu, kajifunga kanga mpya, anakoroga chungu kwa mikono miwili, mzima kama jiwe la mtoni.

Nikamwambia, "Mama, si umelala? Si unaumwa?"

Akasema, "Nilikuwa naumwa. Nimepona nilipokuona."

Wanawake wote waliokuwa pale walicheka, na mmoja akapiga vigelegele. Na mimi pia nilicheka, mwanangu. Hilo ndilo sijawahi kukuambia. Nilikuwa nimemlilia njia nzima, kumbe yu hai, basi nikacheka kwa furaha, na watu wakasema, "Tazameni, amekubali." Kumbe pale ndipo nilipoolewa, kwenye kile kicheko.

Siwalaumu. Mama yangu hakuwa mwongo kwa tabia. Ndivyo wasichana walivyokuwa wakiitwa kutoka shule, na yeye aliitwa hivyohivyo kutoka kwa shangazi yake. Walijua msichana ukimwambia "njoo uolewe" ataleta maneno, lakini ukimwambia "mama yako mgonjwa" atakuja mbio. Huvutwa kwa kile kilicho kizuri ndani yake. Ndiyo maana nakuogopea wewe, maana wewe ni mzuri hivyo.

Kosa langu mimi lilikuwa la baada ya hapo. Nilinyamaza. Nilijiambia mwalimu atakuja kunifuata. Nikasikiliza njia siku nyingi sana. Nikisikia viatu nasimama. Lakini mwalimu angejuaje? Yeye aliambiwa na mjomba kwamba nimetaka mwenyewe. Ningeweza kumtumia neno hata kwa mtu wa sokoni, sikutuma. Nilidhani anayekupenda atajua bila kuambiwa. Hapana, mama. Anayekupenda naye ana shughuli zake. Mwambie.

Na nilimnyamazia hata baba yako. Yeye alikuwa kijana wa miguu mirefu, mwenye aibu, aliyeletewa mke kama nilivyoletewa mume. Miaka imepita, wewe umeshaota meno yote, ndipo siku moja tunapalilia nikamwambia jinsi nilivyoitwa. Aliacha jembe ardhini. Akasema, "Mimi niliambiwa umekuja kwa hiari yako." Hakuingia ndani kula siku ile. Mwanamume yule ni mwema, Elineema, na nimempata kwa bahati tu. Wewe usiende kwa bahati.

Sasa nikukumbushe siku uliyoipata kazi yako, maana unasema humkumbuki vizuri yule mama wa baiskeli. Ulikuwa mdogo, umetumwa maji mfereji, ukawa huendi kwa sababu ya kuchungulia.

Shangazi yako huyuhuyu unayemuaga leo alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na mtoto hashuki. Baba yako alimleta dresa wa zahanati, msaidizi wa daktari, mwanamume mpole, amebeba mkoba wake. Bibi yako alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Mwanamume haingii hapa." Dresa akasema, "Mama, mimi ni mtu wa dawa." Bibi akasema, "Na suruali hiyo ni ya dawa?" Ikawa hivyo. Mtu wa msaada amekaa nje chini ya paa na mkoba wake magotini, anasikia mwenzetu analia ndani, na kati yao ni ukuta wa udongo tu na heshima zetu. Sikumlaumu bibi yako, maana mimi mwenyewe nisingemruhusu. Lakini nilijiuliza, kwa nini wanaume wote hawa wamefundishwa kazi ya kumzalisha mwanamke, na hakuna hata mwanamke mmoja?

Dresa ndiye aliyesema, "Kule misheni yupo nesi, mweusi mwenzenu. Mfuateni." Baba yako akakimbia. Alirudi yuko nyuma ya baiskeli anaisukuma mlimani, na juu yake amekaa mwanamke mwenye gauni jeupe, kofia nyeupe, na viatu. Babu yako alikuwa kibarazani. Alimtazama mpaka akasahau ugoro wake mkononi.

"Mwanamke juu ya chuma!" akasema. "Wewe mama, nani atakuoa?"

Yule nesi akashuka, akapiga goti vizuri. "Shikamoo baba. Aliyenioa ndiye aliyeijaza baiskeli hii upepo asubuhi. Mgonjwa yuko wapi?"

Bibi yako akaondoa mikono kiunoni, mlango ukafunguka. Ndani sitakusimulia, utayaona mwenyewe mpaka uchoke. Nitakuambia tu kwamba jua lilipofika katikati tulisikia sauti ya mtoto, na dresa pale nje akafuta macho, akasema "Asante Mungu," kama aliyezaa yeye. Ndiyo maana sipendi mtu akisema wanaume wa kazi ile ni wabaya. Walikuwa wamewekwa peke yao mahali panapohitaji watu wa namna mbili. Nyumba haijengwi kwa nguzo za upande mmoja.

Na wewe tangu siku ile ulifunga kitambaa cheupe kichwani ukawa unawapima mbuzi joto kwa kijiti. Babu yako alikuwa anakuita "Sista wa mbuzi." Alikuwa anakucheka kwa upendo. Hakujua kwamba wewe huchezi.

Ndiyo maana barua ya kukuita hospitali ilipofika, alikasirika kama mtu aliyeibiwa. Kesi yake unaijua. Rafiki yake wa Oldonyo Sambu alikuwa ameshaleta pombe ya kukuwekea uchumba, na babu ameshainywa. Alisema, "Nimekunywa pombe ya watu, nitaitapika?" Akasema kazi ya nesi ni kuosha watu wasio ndugu zako. Akasema msichana akipata mshahara hasikii tena. Hilo la mwisho, nikwambie siri, lina ukweli kidogo.

Wewe unadhani baba yako ndiye aliyemlainisha. Baba yako alijaribu, akashindwa, maana mbele ya baba yake hugeuka mtoto. Aliyekwenda ni mimi. Uliniona nikikata jani la isale pale mpakani, ukauliza la nini, nikakuambia la kuzibia ua. Nilikudanganya.

Unajua isale kwetu lina uzito gani. Mtu aliyekukosea akija na jani lile amelifunga fundo, humfukuzi, hata kama amekuchomea nyumba. Lakini nilikuwa sijawahi kuona mke wa mtu akimpelekea baba mkwe wake. Nilipiga magoti nalo mkononi. Babu yako alishtuka.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, baba."

"Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu."

"Basi umekosa nini?"

"Bado sijakosa, baba. Nakuja kukosa. Siku ya safari nitampeleka Elineema barabarani mwenyewe, ukitaka usitake. Nimeona nikuombe msamaha mapema, maana baadaye utakuwa na hasira, hutanisikiliza."

Kuku alipita kati yetu, akarudi. Kisha babu yako akasema, "Nani amekufundisha kuomba msamaha kabla ya kosa?"

Nikasema, "Nimeolewa nyumba yenye akili, baba."

Mzee akacheka! Hakutaka, lakini kilimtoka. Akalichukua jani. Akalitazama mbele na nyuma kama anatafuta mahali palipoandikwa hila. Akasema, "Pombe ya watu nitairudisha. Lakini wewe ni mwanamke hatari." Na siku hizi akiniita anasema, "We hatari, niletee maji." Naitika.

Kwa hiyo kesho unaondoka kwa ruhusa, usiende kama mtu aliyetoroka. Muage babu yako kwa heshima. Hilo tumelishinda.

Lakini Jumapili tukitoka kanisani alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Mtoto akiitwa nyumbani, atakuja, sivyo?" Nikajibu, "Atakuja, baba." Nikatembea hatua chache, ndipo swali lile likanirudia. Pengine aliuliza kama babu yeyote anayempenda mjukuu wake. Pengine. Lakini wadogo zake babu hawakupokea jani langu, na yule rafiki yake wa Oldonyo Sambu bado anatuma salamu. Nami nilishakimbia njia ile. Najua harufu yake.

Kabla sijakuambia la kufanya, nikueleze habari ya jana, kwa sababu ulikuwa kwa fundi cherehani. Baba yako alichukua debe akaenda mfereji kuteka maji. Mchana! Wanaume wote wamekaa pale wanasubiri zamu ya maji ya shamba. Mmoja akampigia kelele, "Baba Elineema, umeolewa lini wewe?" Baba yako akatua debe, akajitwisha upya vizuri, akasema, "Tangu binti yangu aitwe kazini. Mtekaji wenu wa maji ameshapata cheo, sasa mnataka nife kiu?" Alipofika nyumbani nusu ya maji ilikuwa imemmwagikia mgongoni. Akakaa kujikausha jikoni. Nimekuandikia hili ili huko usije ukamdhania kila mwanamume ni ukuta. Wengine ni mlango uliokwama tu, unahitaji kusukumwa na mtu anayeujua.

Huko wodini utawakuta madresa waliotangulia. Watakupa ndoo umwage, wao washike kipimo cha joto. Imwage ndoo, usione haya, aliye mgonjwa hana uchafu. Lakini ukirudi na ndoo tupu, sema, "Kaka, sasa nifundishe na kipimo." Sema kila siku, kwa tabasamu, mpaka akupe ili apumzike na wewe. Usingoje akuone. Mimi nilingoja kuonwa.

Na usije ukadhani nakukataza kuolewa. Olewa, mama, ukimpata mtu wa kukujazia upepo wa baiskeli. Ninachokataa ni kuitwa.

Basi, siku ile ikifika. Atakuja mtu, pengine ana vumbi magotini, atasema mama yako hajiwezi. Moyo wako utaruka. Acha uruke, lakini miguu isimame. Usimtukane, usimwite mwongo, huenda hata yeye amedanganywa. Mpe maji ya kunywa. Kisha mwambie, "Pole na safari, mjomba. Mama akiwa mgonjwa, mleteni hapa. Hapa ndipo wagonjwa wanapoletwa."

Basi, hilo tu. Nilipolifikiria juzi nikiwa nachambua kahawa nilicheka peke yangu, mpaka baba yako akaniuliza nina nini. Ile hila yote ya wazee wetu, iliyonitoa mimi darasani na kumtoa mama yangu kabla yangu, haina nguvu juu ya msichana mmoja tu duniani: yule anayekaa hospitali. Mwalimu angeitwa, angekuja mbio. Karani angekuja. Lakini nesi, mgonjwa ndiye humfuata. Sijui kama Mungu alikuchagulia kazi hii kwa sababu hiyo, ila namshukuru kana kwamba ndivyo.

Najua utauliza, maana huachi kuuliza: na kama ni kweli, na mama habebeki? Nimezungumza na baba yako. Ameapa kwamba hatamtuma mtu, hatamtuma ndugu yake, hatatuma hata barua. Atakuja mwenyewe kwa miguu ile yake mirefu na utamwona mlangoni. Ukimwona baba yako, vua kofia yako, mfuate. Ukimwona mwingine yeyote, rudi wodini kwa wagonjwa wako.

Na mara nyingi zaidi haitakuwa hivyo. Mara nyingi nitakuwa nimeumwa homa yangu ya kawaida, ama mgongo, na nitapanda lori la kahawa kule barabarani, nikae juu ya magunia nimejifunga kanga yangu nzuri, nije. Nitapanga foleni na wagonjwa wengine. Sitasema mimi ni mama yako. Nitangoja uite jina langu, jina langu mwenyewe, siyo Mama Elineema, maana nasikia kwenye karatasi za hospitali kila mtu ana lake. Utaliita kwa sauti mbele ya watu wote, nami nitasimama niseme, "Nipo." Utanishika mkono kupima damu inavyokwenda, na utashangaa inavyokwenda mbio, na hutapata dawa yake.

Nakusikia njiani unakuja, unaimba, shangazi yako amekusindikiza. Naweka kalamu. Barua hii nitaitia ndani ya sanduku lako, chini ya gauni la bluu, uikute ukifika.

Nenda, mwanangu. Mimi mama yako, ambaye leo, na kesho, na siku watakayokuambia vinginevyo, ni mzima.

Mama